Kituo cha Mtu Mmoja Matembwe

Frederick Mlowe alikuwa na hamu moja tu maishani, ndogo kiasi kwamba mtu mwingine angeona haya kuitaja. Alitaka kufanya jambo moja, lolote lile, peke yake mpaka mwisho. Hakuwa na kiburi wala hakuwachukia watu. Tatizo ni kwamba alizaliwa Ubena, ambako ukionekana umeinua jembe peke yako, jirani huacha lake akaja kukusaidia, jirani wa jirani akaja kuuliza kuna nini, na kabla jua halijapanda wamejaa watu kumi na wanane shambani na ulanzi, pombe ya mianzi, unanukia. Huo ndio mgowe, na ni desturi njema, wala sitaki mtu aseme nimeidharau. Ila ukishaingia humo, mlango wa kutokea huuoni.

Alipokuwa na miaka kumi alitaka kujifunza baiskeli. Watu watano waliishika: wawili kwenye usukani, wawili kwenye kiti, mmoja akishika shati lake. Kwenye mteremko wote sita walianguka, baiskeli ikaendelea peke yake hadi bondeni, na Frederick akaionea wivu. Alipokuwa kijana akampenda Dorika, akajitungia maneno yake ya kumwambia, akayakariri wiki nzima. Ukoo ukatuma washenga watatu na wasindikizaji wanane, na yale maneno hayajasemwa na mtu yeyote hadi leo. Kamati ya harusi ilikuwa na wajumbe thelathini na sita. Yeye hakuwamo.

Baadaye akafungua kibanda cha kutengeneza redio Makambako, karibu na stesheni ya reli, akidhani redio ni kazi ya mtu mmoja na bisibisi yake. Kumbe lile benchi aliloweka kwa ajili ya wateja liligeuka baraza la ushauri. Watu ambao hawajawahi kufungua hata tochi walimwelekeza pa kuchomelea nyaya, na akikosea wakaguna kwa pamoja. Miaka ishirini na tisa hakupata kumaliza redio moja bila mtu kumwambia, "Hapo sasa umepatia."

Kwa hiyo mtaelewa kilichompata alipofikisha miaka hamsini na saba. Chuo kimoja cha ng'ambo, kikishirikiana na chuo kimoja cha Dar es Salaam, kilikuwa kimerusha chombo cha anga kisicho na mtu ndani, kidogo tu, hakizidi dumu la lita ishirini, kikizunguka dunia na kupiga picha za misitu na mawingu. Walihitaji dishi la kuongea nacho mahali pa juu, wakachagua kilima kilicho nyuma ya kijiji cha Matembwe, kule Lupembe. Wakamtafuta mtu anayejua nyaya. Mkataba ulipofika, Frederick alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa tatu: *Mwendeshaji: mmoja.* Aliusoma mara nne, na mara ya nne machozi yakamtoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo furaha ilimsahaulisha. Matembwe ndiko alikozaliwa Dorika. Kijiji kizima walikuwa shemeji zake, wakwe zake au wajomba wa watoto wake, na mkwe hafukuzwi.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Mara nne kwa siku chombo kilipita juu ya Matembwe, na kila kikipita kilikaa angani kama dakika kumi hivi. Dishi, ambalo lilikuwa pana kuliko paa la banda la kuku, lilizungushwa na mota yake likikifuata toka upeo hadi upeo. Frederick alikaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha matofali, akabonyeza kitufe cha kupokea picha, akabonyeza kingine cha kutuma maagizo yaliyotoka Dar, akafunga mlango, akangoja. Siku mbili za kwanza alikuwa na raha ambayo hakuijua tangu azaliwe. Alimwambia mkewe, "Mama Ezekieli, chombo kile kikubwa cha wasomi, anayekiendesha ni mimi. Mimi peke yangu."

Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Dorika alilisimulia kisimani kwa uchungu mkubwa, kwamba mume wake wameenda kumtupa kilimani na kazi nzito bila hata mtu wa kumshikia kamba.

Siku ya tatu alikuja Lameki, kaka yake Dorika, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Alikaa, akasalimia, akasifu hali ya hewa, halafu akaeleza kwa heshima zote kwamba watu wameanza kuuliza. Mtu anayejifungia ndani ya nyumba kilimani, peke yake, akafanya kazi asiyotaka kusaidiwa, huku ametazama angani, kwa kawaida ana jina lake, na jina lenyewe si zuri. Lameki alisema yeye haamini uchawi, ni Mlutheri, lakini ni afadhali shemeji asaidiwe kuliko asemwe. Frederick akajibu kwamba kazi ni ya kubonyeza vitufe viwili. Lameki akafikiri, akasema basi yeye atakuwa anamwangalia akibonyeza, ili baadaye pasiwe na maneno.

Wiki iliyofuata walikuwa saba, na mwezi haujaisha walikuwa kumi na wawili, ukimwacha Frederick mwenyewe. Wala msidhani walikuja kukaa tu. Kila mtu alijipatia kazi na kuishika kwa bidii. Bibi Hilda, mjane wa jirani, alifukuza mbuzi wasijikune kwenye nguzo ya dishi, ingawa mbuzi wenyewe walikuwa wake na hawakuwa na kawaida ya kupanda kilima mpaka yeye alipoanza kuja. Dorika alishika chai. Wawili walifagia njia ambayo chombo kilipita juu yake, kwa urefu wa kilomita mia tano kwenda juu. Lameki aliandika saa ya kila mpito kwenye daftari, akagonga muhuri wa kitongoji. Naye Mzee Ambrose, ambaye alikuwa haoni vizuri, alisimama nje kila chombo kilipopita, akavua kofia, akapunga mkono na kusema "Kamwene," kwa sababu, alisema, kitu kinachopita juu ya nyumba za watu mara nne kwa siku lazima kisalimiwe, na kama chenyewe hakina adabu, hilo ni juu ya wazazi wake.

Frederick alivumilia. Usiku alilala akiwaza kwamba hata mbinguni atakabidhiwa kinubi na watu wanne wa kukishika.

Ndipo mwezi wa saba ukaja ujumbe kwenye simu yake. Alhamisi angefika injinia kutoka Dar, kukagua. Kituo cha Matembwe, ujumbe ulisema, kimeidhinishwa kwa mwendeshaji mmoja. Ikionekana kinaingiliwa na watu wengine, dishi litang'olewa na kupelekwa mkoa mwingine. Kazi pekee iliyowahi kuitwa ya Frederick ilikuwa inaondoka kwa sababu ya sufuria ya chai na mbuzi.

Jumatano aliwakusanya wote kumi na wawili, akawasomea, akawaomba kwa upole kesho wakae makwao, asubuhi moja tu. Walisikiliza kwa makini. Wakaitikia kwamba wameelewa. Na kweli walikuwa wameelewa, kwa namna yao: shemeji yao anaenda kusimamishwa mbele ya mtu wa serikali, na anaogopa kuwasumbua. Walipokuwa wanashuka, Lameki aliwaambia wenzake kwamba mtu wa namna hiyo haachwi.

Alhamisi kulikucha na sakitu. Majani yote yalikuwa meupe, na maji ya kuku yalikuwa barafu. Injinia alikuwa amelala Njombe mjini, akafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amejifunga blanketi juu ya koti. Alikuwa msichana tu, Margareth jina lake, sauti ndogo, macho yasiyoachia kitu. Akasema, "Shikamoo mzee," akasifu usafi wa njia, akaingia ndani. Frederick alitazama pande zote, hakuona mtu, akashukuru Mungu.

Hakujua kwamba wanne walikuwa nyuma ya rundo la mbao, wamejifunika turubai. Hakujua kwamba Dorika na wenzake wanne walikuwa wamejibana kwenye kibanda cha jenereta wakiwa na Mzee Ambrose, aliyekatazwa kusalimia. Bibi Hilda alilala kifudifudi kwenye mtaro pamoja na mbuzi mmoja aliyekataa kuachwa. Lameki, kama kiongozi, alichagua mahali pa heshima: alikuwa ndani ya tanki tupu la maji.

Margareth akauliza habari za kazi. Frederick akavuta pumzi, akasema sentensi aliyoiandaa tangu Jumatano. "Hapa niko mwenyewe. Chombo chote nakiendesha mimi."

Binti akacheka, si kwa dharau. Akamwambia kwamba anamfurahisha, maana chombo kile kinaendeshwa na watu arobaini na watatu. Frederick akadhani amesikia vibaya. Margareth akamhesabia. Wapo wanaotazama betri tu, wapo wanaokokotoa kitakapopita kesho, wapo wanaoandika maagizo, wapo wanaokagua walioandika, na wapo wanaokagua waliokagua. Yupo mmoja ambaye kazi yake ni kukaa kimya mpaka kitu kiharibike. Yupo anayepanga zamu, na yupo anayeagiza chakula cha wote hao.

"Na ndani ya chombo hamna mtu?" Frederick akauliza.

"Hamna."

"Arobaini na watatu kwa dumu tupu."

"Na hicho ni kidogo, mzee. Vile vikubwa wanafika mamia. Tena ukibonyeza kitufe chako hapa, kuna watu sita wanaona kwenye skrini kwamba umebonyeza. Wanakupenda sana. Siku yako ya pili ulisahau kamera ya kompyuta ikiwa wazi, walikuona ukicheza muziki."

Frederick alikaa chini. Nitasema wazi kwamba iliuma. Kumbe hata zile siku mbili za kwanza, siku zake, zilikuwa na benchi la washauri, ila tu lilikuwa mbali na halikuguna. Hapo tanki la maji likakohoa. Lilikohoa kwa sauti nene yenye mwangwi, mara tatu. Margareth akageuza kichwa. Frederick akasema maji ya huku ni mazito. Binti akaanza kuelekea mlangoni, lakini simu yake ikalia, na hilo likamwokoa.

Ilikuwa Dar. Margareth alisikiliza, na uso wake ukabadilika. Chombo kilikuwa kimegeuka vibaya usiku, mabawa yake ya kukusanya jua yalikuwa yanatazama giza, na betri ilikuwa inakata. Kilihitaji agizo moja, la kukigeuza, na kilikuwa kinapita Matembwe baada ya dakika nane. Hakingeonekana tena, hapo wala kwenye vituo vingine, mpaka alasiri, na betri isingefika adhuhuri.

Walikimbilia mashine. Frederick akawasha mota ya dishi. Mota ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Akarudia. Ikanyamaza. Grisi ilikuwa imeganda kwa sakitu na maji yaliyoingia kwenye meno ya gia yalikuwa barafu tupu. Dishi lilikuwa limetazama upande wa Njombe kama mtu aliyesusa.

Margareth akachomoa gia kwa spana, dishi likabaki huru kwenye nguzo yake, na wote wawili wakasukuma. Likasogea kiasi cha unene wa kidole. Wakasukuma tena. Binti akasema likiwa huru linahitaji watu wa kulizungusha, wengine wa kuvuta kamba kuliinua na kulishusha, na mtu wa kusoma namba, na mtu wa kubonyeza, halafu akatazama kilima kitupu na akakaribia kulia. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Sasa, huyu alikuwa mtu ambaye kwa miaka hamsini na saba hakuwahi kumwita mtu. Hakuwahi kupata nafasi. Watu walifika kabla hajafungua mdomo. Alijua akiita, kuna watakaosikia kutoka bondeni na kupanda mbio, na injinia atawaona, na dishi litang'olewa. Akalitazama dishi, akamtazama yule binti anayetetemeka kwenye blanketi lake, akawaza lile dumu huko juu, peke yake kwelikweli, kwenye giza. Akaona kumbe hapendi kitu kiwe hivyo.

"Njooni," akasema. Halafu kwa sauti kubwa zaidi, "Jamani, njooni mnisaidie."

Alitegemea kungoja. Lakini turubai likainuka palepale na watu wanne wakatoka na vumbi la mbao vichwani. Mlango wa kibanda cha jenereta ukafunguka, wakamwagika sita wakiwa wamesinyaa, wa mwisho akiwa Mzee Ambrose aliyevua kofia. Bibi Hilda akapanda kutoka mtaroni, mbuzi nyuma yake. Kifuniko cha tanki kikasukumwa, kichwa cha Lameki kikatokea, kikasema kwa utulivu wa kiofisi, "Kamwene, injinia. Karibu kwenye kitongoji chetu."

Margareth aliwagawa kwa mikono, wanane kwenye nguzo, watatu kwenye kamba, akashika kompyuta yake na kuanza kusoma namba: kulia digrii kumi, inua tano, kulia tena. Watu wanane wakizungusha kila mmoja kwa nguvu zake, dishi linaruka kama punda. Hilo lilionekana mara moja. Bibi Hilda ndiye aliyeanza kuwahesabia kwa Kibena, vile wanavyohesabiwa watu wa kulima mgoweni ili majembe yaanguke pamoja, na hapo dishi likatulia, likaanza kupanda na kuzunguka taratibu kana kwamba mota imepona. Dorika alikuwa kwenye kamba, viatu vyake vimeachwa nyuma. Lameki alikuwa akisukuma na kuangalia saa kwa wakati mmoja. Mzee Ambrose, aliyebaki bila kazi, alitazama angani kwa upande usiofaa akasalimia kwa moyo wake wote. Na Frederick alikuwa ndani, kidole juu ya kitufe, akimsikia kila mtu.

Dakika ya sita alama ya kijani ikawaka. Akabonyeza. Wakaendelea kukifuata, mikono ikiwaka kwa baridi ya chuma, kwa sababu Margareth alisema jibu lazima lisubiriwe. Dakika ya tisa likaja. Chombo kilikuwa kimegeuka. Jua lilikuwa linakipiga. Kutoka kwenye simu ya injinia ikasikika kelele ya watu wengi sana wakishangilia chumbani, na Matembwe wakawajibu, ingawa hawakuwafahamu.

Baada ya chai ikabaki fomu. Margareth aliitandika mezani, akaweka kalamu kwenye mstari ulioandikwa idadi ya waendeshaji. Akamwambia Frederick kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuona mtu mwingine, ameona mzee mmoja tu na sakitu nyingi, na yuko tayari kuandika hivyo. Mle chumbani kila mtu akatazama kikombe chake. Walikuwa wameelewa sasa. Lameki alianza hata kusogea mlangoni, akisema kwa kweli wao walikuwa wanapita tu.

Frederick aliitamani ile namba. Sitawaficha, aliitamani kama mtu wa mfungo anavyotamani kitoweo.

"Andika kumi na watatu," akasema. "Kukiwa na mmoja hapa, kile kitu leo kingekufa."

Wakakaa wiki tatu roho juu. Frederick alianza hata kufungasha. Kisha barua ikaja. Ilisema kanuni ya mtu mmoja iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona sakitu, na imefutwa. Kituo kitabaki Matembwe na waendeshaji wake kumi na watatu, na kila mmoja atatumiwa cheti chenye jina lake, Mzee Ambrose akiandikwa kama afisa mawasiliano. Ila kwa kuwa sasa ni timu, walitakiwa kumchagua kiongozi na kutuma jina lake.

Mnajua kilichofuata. Kamati iliundwa kabla barua haijakunjwa. Wagombea walikuwa wawili, Frederick Mlowe na Bibi Hilda. Lameki aligawa vikaratasi vyenye muhuri, akavikusanya kwenye sufuria ya chai, akahesabu kwa sauti. Bibi Hilda, kura kumi na moja. Frederick, kura mbili. Bibi Hilda akatangazwa mwendeshaji mkuu wa chombo, akashukuru, akasema jambo la kwanza ni mbuzi.

Frederick alitoka nje, akakaa juu ya mbao. Hata cheo cha kazi yake mwenyewe kilikuwa kimekwenda kwa mwingine. Kura moja alijua ni yake, aliipiga akiona haya. Ile nyingine alimpa Dorika moyoni, akajisikia afadhali kidogo, mpaka Dorika alipopita na ndoo na kumwambia bila kusimama kwamba yeye amemchagua Hilda, asingoje shukrani.

Bibi Hilda alikuja baadaye akakaa kando yake. Walikuwa wakingoja chombo cha saa tisa.

"Kura yako ya pili ni yangu," akasema. "Kule nilikojificha mtaroni nilikuwa nasali usituite, ili kazi isikutoke. Ukatuita."

Frederick alisogea, akamwachia ubao ulio mkavu zaidi. Ndani ya chumba mashine ikaanza kulia, na watu wakaanza kukimbilia nafasi zao, na mtu akamwita Frederick kwa jina awahi, maana bila yeye hawawezi kuanza.